MFICHA MARADHI: MAISHA YA MZEE JOMO KENYATTA NA WAJUMBE WA UBONGONI

Mlezi wa Chama cha Kiswahili alipotuagiza tuandike maisha ya mtu mashuhuri aliyeaga dunia zamani, wenzangu wengi walimkimbilia Masinde Muliro na Elijah Masinde, kwa kuwa hao ni wa huku kwetu. Mimi nilimchagua Mzee Jomo Kenyatta. Najua mtasema Mzee tumemsoma tangu shule ya msingi hadi tumechoka. Ngojeni kidogo. Kuna jambo moja la maisha yake ambalo vitabu vyetu vya darasani hulipita mbio mbio, nalo ni kiharusi. Nimelisoma kwa bidii kwa sababu hapa Endebess ugonjwa huu unatumaliza, na bado tunaunong'oneza kana kwamba ni aibu.

Mzee alizaliwa katika miaka ya 1890 upande wa Gatundu, Kiambu. Mwaka kamili haukuandikwa, maana siku hizo hapakuwa na vyeti vya kuzaliwa. Jina lake la kwanza lilikuwa Kamau. Babake alifariki akiwa bado mdogo, akalelewa na amu yake aliyeitwa Ngengi, na ndiyo sababu akajulikana kama Kamau wa Ngengi. Baadaye aliishi pia na babu yake ambaye alikuwa mganga. Kwa hivyo tangu utotoni aliona jinsi watu wanavyokuja na magonjwa yao kutafuta dawa, na jinsi mambo ya ugonjwa yanavyosemwa kwa sauti ya chini.

Mwaka 1909 alijiunga na misheni ya Waskoti huko Thogoto. Hapo alijifunza kusoma, kuandika na useremala, na mwaka 1914 akabatizwa jina la Johnstone. Kisha akaingia Nairobi kutafuta kazi kama vijana wengine. Katika miaka ya 1920 aliajiriwa na baraza la mji katika idara ya maji, kazi yake ikiwa ni kuzunguka akisoma mita. Hebu fikiria! Rais wa kwanza wa nchi hii aliwahi kuwa yule mtu wa kupiga hodi mlangoni aangalie umetumia maji kiasi gani.

Siasa ilimvuta. Mwaka 1928 alikuwa katibu mkuu wa chama cha KCA na mhariri wa gazeti la Muigwithania. Mwaka 1929 chama kilimtuma London akaseme habari ya mashamba yaliyonyakuliwa na walowezi. Alirudi, kisha akaenda tena mwaka 1931, na safari hii alikaa huko miaka kumi na mitano. Alisoma elimu ya mila na desturi za watu chini ya Profesa Malinowski, na mwaka 1938 akachapisha kitabu chake kuhusu Wakikuyu, Facing Mount Kenya. Mwaka 1945 alikuwa Manchester pamoja na kina Kwame Nkrumah katika mkutano mkuu wa Waafrika. Aliporejea nyumbani mwaka 1946 watu walimpokea kama mvua baada ya kiangazi, na mwaka 1947 akawa rais wa chama cha KAU.

Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari na kumkamata. Hapa ndipo maisha yake yanapogusa upande wetu. Wakoloni hawakutaka kesi isikizwe Nairobi, mahali penye watu wengi. Walichagua Kapenguria, kijiji cha mbali ambacho hata hoteli ya kulala wakili hakikuwa nacho. Kwa hiyo mawakili wa Mzee, wakiongozwa na D. N. Pritt kutoka Uingereza, walilala Kitale, na kila siku ya kesi wakapanda gari kwenda na kurudi, zaidi ya kilomita 30 kila upande. Kitale hii hii ambako sisi hushukia matatu! Mji ulikuwa umejaa walowezi wa mahindi ambao hawakutaka hata kuwaona mawakili hao.

Waliohukumiwa walikuwa sita: Mzee Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng' Oneko na Kung'u Karumba. Tarehe 8 Aprili 1953 Hakimu Thacker aliwapa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Wakapelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa mwa Turkana, ambako jua linachoma mchana kutwa. Kwa kuwa Mzee alikuwa na umri mkubwa kuliko wenzake, alipewa kazi ya kuwapikia. Mwaka 1959 alihamishwa Lodwar, mwaka 1961 Maralal, na Agosti mwaka huo huo akaachiliwa. Tarehe 1 Juni 1963 akawa waziri mkuu, tarehe 12 Disemba 1963 tukapata uhuru, na mwaka mmoja baadaye akawa rais wa kwanza wa jamhuri.

Hadi hapo ni yale tunayoyajua. Sasa tuingie katika yale tusiyofundishwa.

Mzee aliingia Ikulu akiwa tayari na umri mkubwa. Wanahistoria wanaeleza kwamba mwaka 1966 alipatwa na kiharusi kidogo, na mwaka 1968 kikamrudia. Wananchi hawakuambiwa waziwazi. Kwani kiharusi ni nini hasa, hata kiogopwe na mtu ambaye hakuiogopa Lokitaung?

Ubongo wa mtu ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Ni kama mtoto mmoja nyumbani ambaye peke yake anamaliza sehemu moja kati ya tano ya sufuria. Tena ubongo hauna ghala. Chakula chake na hewa yake huletwa na damu kila sekunde. Kiharusi ni pale damu hiyo inapokatika. Ziko aina mbili. Ya kwanza, ambayo ndiyo huwapata wengi, ni mshipa kuzibwa na donge la damu. Ya pili ni mshipa kupasuka na damu kumwagika ndani ya ubongo. Nitaeleza zaidi ile ya kwanza.

Zamani nilidhani kwamba damu ikikatika, seli za ubongo hufa kwa njaa basi, kama mmea uliokosa maji. Kumbe mambo hayaishi hapo. Sehemu kubwa ya uharibifu hufanywa na wajumbe wa ubongo wenyewe.

Seli za neva hazigusani. Kati ya moja na nyingine kuna upenyo mdogo sana. Seli ikitaka kusema na jirani yake, inatoa kemikali ambayo inavuka upenyo huo na kubisha mlango wa upande wa pili. Hao ndio wajumbe. Wako wa aina nyingi. Kuna gaba, ambaye kazi yake ni kutuliza. Na kuna glutameti, ambaye kazi yake ni kuamsha. Glutameti ndiye anayehusika sana unapojifunza na kukumbuka. Hata sasa unaposoma ukurasa huu, anakimbia huku na huko kichwani mwako. Si adui hata kidogo.

Lakini glutameti ana sharti moja. Akishatoa ujumbe, lazima aondolewe upesi. Ziko pampu ndogo ndogo kwenye kuta za seli ambazo humfagia na kumrudisha ndani. Pampu hizo, pamoja na zile zinazotoa chumvi ya sodiamu nje ya seli, zinahitaji nguvu, na nguvu hutokana na sukari na oksijeni iliyo katika damu.

Sasa fikiria mkulima aliye na pampu ya stima inayotoa maji shimoni. Stima ikipotea, maji yanajaa shimoni, na kama bomba halina kizuizi, hata yale yaliyokuwa yamepandishwa yanarudi chini. Ndivyo inavyokuwa ubongoni. Damu ikikatika, pampu zinasimama. Seli inapoteza mpango wake, inamwaga glutameti yake yote nje kwa mpigo, na zile pampu za kumfagia zinaanza hata kufanya kazi kinyume, zikimtoa badala ya kumrudisha. Upenyo unafurika. Wajumbe maelfu kwa maelfu wanabisha mlango wa seli jirani wote kwa pamoja, wakipiga kelele amka, amka, amka.

Seli jirani inafungua milango. Kalsiamu inaingia kwa wingi kupita kiasi. Kalsiamu ikizidi huviamsha vimeng'enya ambavyo kwa kawaida hutulia, navyo vinaanza kukatakata protini, mafuta ya ukuta wa seli na hata zile chembe za urithi. Seli inajila yenyewe. Nayo ikifa, inamwaga glutameti yake juu ya jirani anayefuata. Moto unapita nyumba hadi nyumba kama katika mtaa wa mabati.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Katika kiharusi, mjumbe ndiye anayeua, naye anaua kwa ujumbe ule ule aliokuwa akiupeleka vizuri siku zote.

Hapa pana habari mbaya na habari njema. Habari mbaya ni kwamba pale katikati, mahali palipokosa damu kabisa, seli hufa kwa dakika chache. Wataalamu wamekadiria kwamba mshipa mkubwa ukiziba na mgonjwa asitibiwe, seli za neva kama milioni 1.9 hufa kila dakika. Kipindi kimoja cha darasa, dakika arubaini, ni zaidi ya seli milioni 70. Habari njema ni kwamba kando ya hapo katikati kuna ukanda ambao bado unapata damu kidogo kutoka mishipa mingine. Seli za ukanda huo zimezimia, hazijafa. Damu ikirudishwa mapema zinaweza kuamka, na mkono au maneno yakarudi. Ikicheleweshwa, glutameti na kalsiamu huzimaliza nazo. Kwa hiyo saa chache za kwanza ndizo za kuamua mtu ataishi vipi maisha yake yote.

Turudi kwa Mzee. Mwaka 1968 mambo haya yalikuwa hayajulikani. Mwaka 1957 watafiti walikuwa wameona kwamba glutameti ikizidi huharibu macho ya panya wadogo, lakini ni mwaka 1969, mwaka mmoja baada ya kiharusi cha pili cha Mzee, ambapo daktari Mmarekani John Olney alionyesha kwamba inaua seli za ubongo pia, naye akaupa uharibifu huo jina. Mashine ya siti skani, ile ya kupiga picha ya ubongo kipande kwa kipande, ilitumiwa kwa mgonjwa mara ya kwanza mwaka 1971, tena London. Dawa ya kuyeyusha donge la damu katika kiharusi ilikubaliwa Marekani mwaka 1996. Kwa hivyo mwaka 1968, hata ungekuwa rais mwenye madaktari wote, hakuna aliyeweza kuona ndani ya kichwa chako wala kuzibua mshipa kama inavyowezekana leo. Walichoweza ni kukulaza, kukutunza na kungoja.

Basi Mzee aliuguzwa kwa siri, lakini siri ya mkubwa haikai. Waliokuwa karibu naye waliona, na wakaanza kuulizana nani atashika usukani. Katika mwaka huo huo wa 1968 Bunge lilibadilisha Katiba. Rais akifa, makamu wake angeshika nafasi kwa siku 90, kisha uchaguzi ufanywe. Tena ikawekwa kwamba anayetaka urais awe ametimiza miaka 35. Makamu wakati huo alikuwa Daniel arap Moi. Mwananchi wa kawaida aliisoma sheria hiyo bila kuonyeshwa kwamba nyuma yake kulikuwa na mgonjwa.

Mzee aliendelea kutawala miaka kumi zaidi. Nguvu zilipungua. Alikaa sana Gatundu, Nakuru na Mombasa, na kazi nyingi zikawa mikononi mwa waliomzunguka. Mwaka 1976 baadhi ya wanasiasa walitaka Katiba ibadilishwe tena ili makamu asirithi hata kwa zile siku 90. Mkuu wa Sheria, Charles Njonjo, akatoa onyo kwamba kuwaza au kukusudia kifo cha rais ni kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Mdomo ukafungwa kabisa. Ugonjwa wa mtu mmoja ukawa jambo ambalo nchi nzima haiwezi kulitaja.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Alfajiri ya tarehe 22 Agosti 1978 Mzee alifariki katika Ikulu ya Mombasa. Safari hii ulikuwa ni moyo. Watu walilia barabarani. Moi akashika nafasi kwa muda, akachaguliwa bila kupingwa, na mwezi Oktoba 1978 akaapishwa kuwa rais, kiti alichokalia hadi mwaka 2002. Mzee alizikwa tarehe 31 Agosti 1978 Nairobi, katika kaburi lililojengwa kwenye uwanja wa Bunge.

Mimi simlaumu Mzee. Kiongozi mgonjwa ana maadui wanaomhesabia siku, na madaktari wa wakati ule hawakuwa na la kumfanyia. Kuuficha hakukumwongezea seli hata moja, lakini pia kuutangaza kusingemwongezea. Kwetu sisi leo sivyo. Leo kuficha kunaua seli, na zinahesabika.

Nasema hivi kwa sababu ya mama mmoja jirani yetu. Alikuwa akikamua ng'ombe asubuhi, ndoo ikamponyoka. Mdomo ulienda upande, na maneno yakatoka kama ya mlevi. Watu wa boma wakasema amepigwa na upepo, wengine eti ni mkono wa mtu. Akalazwa kitandani, akanyweshwa chai ya moto, ikamwingia vibaya akakohoa karibu azimie. Mlango ukafungwa ili wapita njia wasijue. Alifikishwa hospitalini kesho yake jioni. Leo mkono wake wa kulia umekauka, na mwanawe, ambaye tulikuwa naye darasa moja, ameacha shule ili akamue badala yake. Mama huyu hakuwa na Katiba ya kulinda wala kiti cha kurithiwa. Alifichwa kwa mazoea tu.

Kwa hivyo, wanafunzi wenzangu, yakumbukeni mambo matatu: uso, mkono na maneno. Mtu akianza ghafla kupinda uso, akishindwa kuinua mkono mmoja, au maneno yakichanganyika, hicho ni kiharusi hadi daktari aseme sicho. Angalia saa na uandike, kwa sababu daktari atakuuliza ilianza saa ngapi. Dawa ya kuyeyusha donge inapaswa itolewe ndani ya saa nne na nusu, na haitolewi kabla ya siti skani kuonyesha kwamba mshipa haukupasuka. Usimpe chakula, maji wala aspirini, maana koo lake huenda limelegea, na kama mshipa umepasuka aspirini itaongeza damu. Mlaze kwa ubavu kama amezimia. Kisha tafuta gari, na mkiwa njiani pigeni simu mbele muulize hospitali gani ina siti skani, msije mkapoteza saa nzima mlango hadi mlango.

Labda utauliza kwa nini wasitoe dawa ya kumzuia glutameti. Walijaribu. Katika miaka ya 1990 dawa nyingi za kuziba ile milango yake zilifanya kazi vizuri kwa panya, lakini kwa binadamu zikashindwa. Sababu moja ni kwamba wagonjwa walifika wakiwa wamechelewa. Nyingine ni kwamba ukimzuia mjumbe huyu kila mahali, hata ubongo mzima unakosa ujumbe wake. Kwa sasa dawa kubwa bado ni kuwahi, na kubwa zaidi ni kuzuia. Presha ndiyo chanzo cha kwanza cha kiharusi, na presha haiumi wala haipigi hodi. Wazee wetu wapimwe. Wakipewa vidonge wasiviache eti kwa sababu wamesikia nafuu. Chumvi ipunguzwe, na sigara iachwe.

Walimu wetu nao nawaomba jambo moja. Tukifika kidato cha nne tutafundishwa habari za neva na wajumbe wake ili tupasi mtihani. Naomba siku hiyo itajwe pia kiharusi, kwa jina lake, kwa sauti ya kawaida. Wengi wetu sisi ndio wa kwanza kusoma nyumbani kwetu, na siku baba au nyanya atakapoangusha ndoo, sisi ndio tutakaotazamwa.

Kwa hayo machache naweka kalamu chini.

Mwanachama, Kidato cha Tatu